Jana Isifutwe na Leo

Amri yenyewe ni fupi, inaenea kwenye mstari mmoja wa terminali:

leo=$(date +%F); mkdir -p bakapu/$leo && wget -P bakapu/$leo "$anwani"

Maana yake: iulize kompyuta leo ni tarehe gani, uishike tarehe hiyo, tengeneza folda yenye jina la tarehe hiyo, na kama ipo tayari usigombe; folda ikishapatikana, pakua faili kutoka kwenye seva uliweke humo. Kesho usiku amri hiyohiyo, bila kuguswa hata herufi moja, itazaa folda nyingine, na keshokutwa nyingine tena. Ukiingia kwenye bakapu ukaandika ls, siku zinajipanga mbele yako: 2023-05-14, 2023-05-15, 2023-05-16.

Kazi yangu ni kutunza kumbukumbu za SACCOS ya walimu mkoani Morogoro. Akiba, hisa, mikopo, makato ya kila mwezi, vyote vimo kwenye hifadhidata iliyoko kwenye seva ya kukodi huko Ulaya, nasi kila usiku tunapakua nakala yake iliyobanwa na kuileta kwenye kompyuta iliyo chini ya meza ofisini. Programu tunazotumia ni za siku nyingi na ni imara. Wget iliandikwa na Hrvoje Nikšić wa Kroatia, ikatoka mwaka 1996. Mwenzake curl, ya Daniel Stenberg wa Uswidi, ilitokana na programu ndogo ya kuchota viwango vya kubadilishia fedha mtandaoni, na ikapata jina lake la sasa mwaka 1998. Napenda kuikumbuka asili hiyo, kwa kuwa kiwango cha fedha kisicho na tarehe hakimfai mtu. Ila ninachotaka kukisemea hapa ni hiyo leo iliyoko mwanzoni mwa mstari, ambayo watu wengi huiacha.

Bakapu za ofisi nyingi ninazozifahamu ni faili moja tu kwenye flashi iliyo ndani ya droo ya mhasibu. Linaitwa bakapu, au bakapu mpya, na kila Ijumaa jipya huwekwa juu ya la zamani, la zamani likatoweka. Ofisi inajiona iko salama, na kwa hatari moja ni kweli iko salama: kompyuta ikiungua au ikiibwa, nakala ipo. Lakini hatari iliyo ya kawaida zaidi haiji kwa moto wala kwa mwizi. Inakuja mchana kweupe, mikononi mwa mtu mwaminifu aliyechoka, akabofya jina ambalo silo. Kosa la namna hiyo halipigi kelele. Linaingia kwenye hifadhidata, linakaa, na Ijumaa ikifika linanakiliwa kikamilifu, likiifuta nakala ya mwisho iliyokuwa sahihi. Kuanzia hapo una nakala mbili za kosa moja, na zote mbili zinakubaliana.

Julai 2023 aliingia ofisini mwalimu mmoja mstaafu, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta kadi yangu. Isomeni wenyewe."

Ilikuwa kadi ya zamani ya karatasi, imelainika kwenye mikunjo, imejazwa kwa kalamu za rangi mbalimbali na mikono ya watu mbalimbali. Mstari wa mwisho ulisema akiba yake ni shilingi 3,460,000. Mfumo ulisema 2,810,000. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba amefundisha hesabu tangu ujana wake, na namba hizo mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Nikamvutia kiti karibu na skrini, nikaandika:

for f in 2023-0[4-7]-*/akiba.sql.gz; do echo $f; zcat $f | grep "'0417'"; done

Namba ya uanachama nimeibadilisha hapa. Amri hiyo inapita folda baada ya folda, inafungua faili lililobanwa bila kuligusa, na inatoa mstari wa mwanachama mmoja tu. Mistari ikaanza kushuka. Aprili mosi, Aprili pili, Aprili tatu, kiasi kilekile. Mwishoni mwa Aprili kikapanda kidogo, siku aliyoweka fedha kwa mkono wake, na tarehe ikalingana na ya kwenye kadi. Mei ikaanza. Tarehe 16, Jumanne, 3,460,000. Tarehe 17, Jumatano, 2,810,000. Mwalimu akaweka kidole kwenye kioo. "Hapo," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata mstari uliokosewa katika daftari la mwanafunzi.

Tukazilinganisha siku hizo mbili kwa diff, ambayo huonyesha mistari iliyobadilika tu. Kati ya michache iliyotokea, mmoja ulikuwa wa mwanachama mwingine, wa wilaya nyingine, ambaye jina lake na la baba yake ni sawasawa na ya Mwalimu. Akiba yake ilipanda kwa shilingi 650,000 siku ileile. Mama mhasibu akatoa faili la stakabadhi za wiki ile, akapata karatasi ya marekebisho iliyoandikiwa jina bila namba, na hesabu ikarudishwa mahali pake kabla Mwalimu hajamaliza chai.

Kilichomsaidia mzee yule kinastahili kuangaliwa vizuri. Kuwa na bakapu peke yake kusingemfaa kitu: bakapu ya usiku uliotangulia ilisema 2,810,000, na zile za miezi miwili nyuma yake zilisema hivyohivyo. Kama tungekuwa tunaweka faili moja juu ya jingine, mashine na nakala yake vingesimama upande mmoja, naye upande wa pili na kadi yake iliyochakaa. Najua watu wangemwamini nani. Skrini inang'aa, namba zake zimenyooka, haisiti, haisahau kusema jumla. Mwanachama akija na kumbukumbu ya kichwani au karatasi iliyofifia, ofisi nyingi zitamwambia mfumo hauwezi kukosea. Folda zile mbili za Mei zilimpa Mwalimu shahidi kutoka ndani ya mashine yenyewe, na hilo kwangu ndilo jambo kubwa katika kazi hii. Akiba ya mwalimu ni fedha iliyokatwa kwenye mshahara usiotosha, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka. Anayeitunza ana deni la kuweza kumwonyesha mwenyewe ilikuwa kiasi gani siku yoyote atakayoitaja.

Siku zilijipanga zenyewe kwenye skrini kwa sababu ya namna tulivyoziandika. Kwa mazoea yetu tarehe huanza na siku, 16/5/2023, na katika barua hakuna ubaya. Kwenye kompyuta za aina hii mkwaju ni alama ya njia, unatenga folda na folda. Ukiitumia tarehe ya mikwaju pamoja na mkdir -p, utapata folda ya 16, ndani yake folda ya 05, ndani yake 2023, na ukitafuta mwaka utaukuta umefukiwa chini. Ukibadilisha mikwaju kuwa vistari, mambo yanakuwa nafuu kidogo tu: 01-01-2023 inakaa jirani na 01-02-2023 na 01-03-2023, tarehe mosi zote pamoja, tarehe mbili zote pamoja, kalenda imekatwakatwa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, kinaweka kikubwa mbele: mwaka, mwezi, siku, na sifuri mbele ya tarakimu moja. Shell, programu inayopokea amri hizi, haijui kalenda. Inachojua ni kupanga herufi na tarakimu kwa mfuatano, na kwa maandishi haya mfuatano huo unakuwa ndio mfuatano wa siku. Ndiyo kazi ya hiyo %F.

Suala gumu zaidi ni siku ya nani. Seva yetu inakwenda kwa saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kazi ikifanyika hapa saa saba usiku, huko ni saa nne usiku ya siku iliyotangulia. Tarehe ikichukuliwa kule, folda itaitwa jana. Wazee wa pwani nao huanza siku jua linapozama, na gazeti likitaka kueleweka huandika usiku wa kuamkia Jumatano. Ofisi ina siku yake pia, inayoanza dirisha la malipo likifunguliwa na kwisha mhasibu akifunga vitabu. Zote ni hesabu za kweli. Folda lakini haina nafasi ya maelezo, ina tarakimu nane na vistari viwili, kwa hiyo lazima mtu achague na aandike alichochagua. Sisi tumechagua siku ya ofisi. Upakuaji unafanyika saa tano na nusu usiku kwa saa zetu, mstari wa kwanza wa skripti unataja TZ=Africa/Dar_es_Salaam, na juu ya folda zote kuna faili dogo la maandishi linaloeleza kwa sentensi chache: folda ya tarehe fulani ina hesabu kama zilivyokuwa mwisho wa kazi wa siku hiyo. Ndiyo maana tuliweza kumwambia Mwalimu kwa uhakika kwamba jambo lake lilitokea Jumatano, vitabu vya Jumanne vikiwa vimeshafungwa salama.

Kuna vijimambo vingine vya kitaalamu vinavyofanana na hilo, na nitavipita haraka. Tarehe ichukuliwe mara moja tu, iwekwe kwenye leo, itumike hadi mwisho. Ukiiuliza kompyuta upya kwa kila faili, na kazi ikavuka usiku wa manane, nusu ya mafaili yataangukia folda moja na nusu nyingine. Na anayeandika amri moja kwa moja kwenye crontab, orodha ya kazi ambazo programu ya cron huziendesha kwa saa zilizopangwa, ajue kwamba humo alama ya asilimia ina maana yake: cron huihesabu kuwa mwisho wa mstari. Date +%F inakatwa kabla ya kufika F, amri inavunjika, na lalamiko linatumwa kwenye sanduku la barua ambalo huenda hakuna anayelifungua. Mkwaju wa kinyume mbele ya asilimia unatosha, au iweke amri ndani ya faili la skripti umwachie cron kuliita tu.

Sasa nije kwenye tarehe inayodanganya, kwa kuwa folda inaweza kuwa na jina zuri na ndani yake hamna kitu. Jina la folda linasema siku tuliyopakua. Halisemi faili lilitengenezwa lini. Wget, ikiwa seva imeitajia, hulipa faili muda lilipobadilishwa mara ya mwisho huko lilikotoka. Curl hufanya hivyo ukiiongezea -R. Kwa hiyo ukiandika ls -l ndani ya folda ya Alhamisi ukakuta faili la Jumatatu, umepata habari kubwa: kazi ya kule kwenye seva ilikufa baada ya Jumatatu, nawe tangu hapo umekuwa ukileta mzigo uleule na kuubandika tarehe mpya. Ninaiheshimu tofauti hiyo ya tarehe mbili kuliko ujumbe wowote wa mafanikio. Vilevile curl isipoambiwa -f, seva ikijibu kwamba faili halipo, itahifadhi ukurasa wa kosa na kuupa jina la bakapu yako. Kwa jina utaona akiba.sql.gz, kwa ukubwa utaona baiti mia chache. Ndiyo sababu baada ya kupakua skripti yetu hulijaribu faili kwa gzip -t, na likikubali huondoa ruhusa ya kuandika kwa chmod a-w. Siku ikishatoa ushahidi wake, mkono wa mtu usiurekebishe, hata kwa nia njema.

Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, inayohifadhi programu za watu wa dunia nzima, ilipoteza data za takriban saa sita. Mhandisi, akidhani yuko kwenye seva ya pili, alifuta hifadhidata ya seva kuu. Walipokwenda kwenye bakapu za kila siku, wakakuta hakuna kitu: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 na hifadhidata ilikuwa ya 9.6, kwa hiyo kila ilipojaribu ilishindwa, na barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni picha ya diski ambayo mwenzao mmoja alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Waliyaeleza yote hayo hadharani, na ninawashukuru kwa hilo. Wahandisi wale hawakuwa wazembe. Walikuwa na njia kadhaa za bakapu, na kila mmoja aliamini njia mojawapo inafanya kazi. Ambacho hakikuwepo ni mtu anayefungua mahali pa jana kila siku na kuangalia kama pana kitu.

Folda za tarehe zinarahisisha kuangalia huko, kwa sababu hata ukosefu una sura. Umeme ukikatika usiku kucha, kompyuta haiamki, na kesho yake orodha inaruka tarehe moja. Umeme ukiwepo na mtandao ukakosekana, folda inatengenezwa lakini inabaki tupu. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya za EASSy na Seacom zilizo chini ya bahari zilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania na kwa majirani. Folda zetu za siku zile zina mafaili nusunusu, mengine yamemaliziwa baadaye kwa wget -c, ambayo huendelea pale ilipoishia badala ya kuanza upya na kula bando mara ya pili. Sijazifuta, wala sijaziba mapengo kwa nakala za siku ya jirani ili orodha ipendeze. Siku ambayo hatukuwa na nakala ibaki inaonekana hivyo.

Je, ziwekwe ngapi? Hapa ndipo nafsi yangu inapovutana. Zamani tulikuwa tunabakiza folda za miezi mitatu, na kwa miezi ya nyuma zaidi folda ya tarehe mosi tu. Mwalimu alikuja Julai, ndani ya muda. Angekuja Oktoba, tungemwambia kwamba fedha zake zilihama wakati fulani kati ya Mei mosi na Juni mosi, na stakabadhi za mwezi mzima zingelazimika kupekuliwa moja moja. Wanachama wetu wengi huziona hesabu zao kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Muda wa kuhifadhi ukiwa mfupi kuliko muda wa mtu kugundua kwamba ameumia, ushahidi unakufa kabla mwenyewe hajajua kuwa anauhitaji. Faili letu la usiku mmoja halifiki megabaiti 20, folda za mwaka mzima hazifiki gigabaiti 8. Diski ya bei ya chini inazibeba. Tukaamua kila siku ikae mwaka mmoja na miezi mitatu, na tarehe mosi zikae miaka. Wakati wa kufuta tunasoma jina la folda, hatuangalii muda ambao mfumo unaihesabia, kwa sababu folda ya zamani iliyoongezewa faili jana huonekana ya jana.

Upande wa pili wa mvutano ni wanachama wenyewe. Folda hizi zina majina yao, namba za simu, mikopo ya misiba na ya ada, warithi waliowaandika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zisikae kuliko zinavyohitajika. Aliyejitoa kwenye ushirika miaka iliyopita amefutwa kwenye orodha ya leo, na bado yumo katika tarehe mosi zetu zote za nyuma, na mkopo wake wa mwaka ule alioupata kwa shida. Kumtoa kwa kuingia ndani ya nakala na kufuta mstari wake siwezi kukubali. Nakala ikiguswa mara moja kwa sababu nzuri, itaguswa mara ya pili kwa sababu nyingine, na hapo hakuna atakayeiamini. Ninachokubali ni kwamba folda nzima iwe na siku ya kufa iliyoandikwa tangu mwanzo, wanachama waijue, na ikifika ifutwe bila huruma ya mtu kusema huenda tukaihitaji. Wakati wote huo iwe imefungwa kwa nywila, kwenye diski iliyosimbwa.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunachukua folda moja, tarehe akiichagua Mama mhasibu, tunaijaza kwenye laptopu ya zamani isiyo na kazi nyingine. Anasoma jumla ya akiba, jumla ya mikopo, halafu wanachama watatu anaowataka yeye, na kulinganisha na vitabu vilivyochapishwa siku hiyo. Vikilingana anaandika tarehe ya folda kwenye daftari na kutia sahihi.

Kilichobaki ni umbali. Machi 2021 jengo la seva za kampuni ya OVH liliungua Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliokuwa wameweka nakala zao kwenye eneo hilohilo. Nakala zetu ziko Morogoro, mbali na seva, lakini zote ziko chini ya meza moja. Kwenye mkutano mkuu ujao nitawaomba wanachama wakubali tununue diski ya pili ya kukaa kwa katibu wa tawi la Gairo, iletwe mjini kila mwisho wa mwezi kujazwa folda mpya na kurudishwa.